Nyasi za waridi: mapambo au magugu?

Ukipita Goba, Madale au Kigamboni jijini Dar es Salaam baada ya masika, huwezi kuzikosa: nyasi za kimo cha goti, masuke yake ya rangi ya waridi yaking'aa jua la jioni. Kitaalamu ni Melinis repens. Maneno juu yake ni mengi, na mengi si ya kweli.

Eti zililetwa na wauza maua kutoka ng'ambo. Hapana, ni za hapahapa Afrika. Ni ngeni kwa wenzetu wa ng'ambo: Florida, Marekani, zilipandwa ziwe malisho zikatoroka, Meksiko zimetanda kando ya barabara kuu, na Australia nako ni magugu.

"Mbona zina maua mazuri, ziwe magugu kwa nini?" Hicho unachokiita ua ni nywele laini zinazofunika vijisuke. Chuma suke moja ulifikiche kiganjani, kisha puliza: kila kimoja kinaruka na manyoya yake. Waridi ikishapauka kuwa nyeupe, mbegu zimekomaa, na upepo wa lori la mchanga unatosha kuzisambaza mtaa mzima. Kuzipamba sebuleni sina ugomvi nako. Ugomvi ni shada likinyauka halafu likatupwa bustanini.

Hapo ndipo fyekeo linapowaponza wenye viwanja. Wanasubiri kiwanja kiwe cheupe chote ndipo wanamwita kijana aje kufyeka. Kufyeka kwa wakati huo ni kupanda, tena kwa kulipia! Zikatwe suke likiwa bado changa.

Kiberiti nacho hakimalizi kazi. Nyasi kavu zinateketea, sawa, lakini unabaki na ardhi tupu, nayo ndiyo inayopendwa na mbegu za kwa jirani.

Wengine wanachimba na jembe kwenda chini wakitafuta mizizi. Jasho la bure. Hizi hazina viazi ardhini kama ndago, na huishi msimu mmoja au michache tu. Ng'oa kwa mkono udongo ukiwa na unyevu.

Kwamba zinaua ng'ombe? Wanazila zikiwa changa. Zikikauka hazina shibe.

Zinachofuata hasa ni udongo uliovurugwa: kifusi, msingi ulioachwa, shamba la mihogo lililotelekezwa. Kwa hiyo ukishang'oa usiache peupe. Panda ukoka mvua zikianza, ufunge ardhi kabla mbegu hazijatua.