"Mazingira magumu" hayaelezi kila kitu

Mwezi wa nne ukifika, mvua zikinyesha na magari ya safari yakiwa yamepaki, wenye kampuni za utalii hapa Arusha wananiletea wimbo uleule: kampuni inayumba kwa sababu ya mazingira ya biashara. Kodi, msimu, serikali.

Mazingira yana nguvu, sibishi. VAT ya asilimia 18 iliwekwa kwenye huduma za utalii Julai 2016, na 2020 korona ikafunga anga. Bei ya kahawa ilipoanguka baada ya mkataba wa kimataifa wa kugawana viwango vya mauzo yake kuvunjika mwaka 1989, mkulima wa Kibosho hakuwa amekosea kitu. Lakini mambo hayo humpiga kila mtu. Kwa nini basi ofisi mbili za mtaa mmoja, zinazolipa kodi ileile na kuuza Serengeti ileile, moja inadumu na madereva wake na nyingine inatafuta wapya kila Juni?

Tazama gari moja tu. Dereva anarudi kutoka Ngorongoro, springi ya nyuma ina ufa. Ameuona. Anakaa kimya, maana mwenzake aliyeripoti alikatwa posho kwa "kuharibu gari". Kesho yake gari linapakia wageni, springi inakatika njia ya Ndutu, wageni wanashinda juani, na bosi ananiambia barabara za hifadhini zinatuua. Barabara ni mbovu kweli. Ila ule ukimya dereva kafundishwa ofisini, na kwangu mimi utamaduni wa kampuni ni huo: kile mfanyakazi anachojua kitampata akisema ukweli.

"Sisi hapa ni familia." Sawa, na mkataba uko wapi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo. Undugu haufuti hilo.

Dira na dhamira zilizobandikwa mapokezi? Wafanyakazi hawazisomi. Wanamsoma bosi.

Anayetaka dawa nampa hii kabla ya semina yoyote: daftari la ubovu wa magari. Anayeandika asikatwe hata senti. Bosi alisome mwenyewe kila Jumatatu mbele ya madereva, na gari lililoandikwa lisitoke getini mpaka fundi atie saini.