Garberg au ESEE-4? Dhana Zinazompotosha Mnunuzi wa Kisu cha Kambini

Kwenye makundi ya wapanda milima hapa Nairobi, swali hili halikauki. Mtu amejiwekea akiba, anataka kisu kimoja kizuri cha kambini, kisichokunjwa, na amebaki na majina mawili. Moja ni Garberg, kisu cha kampuni ya Morakniv ya Mora nchini Uswidi, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1891. Jingine ni ESEE-4, kisu cha kampuni ya ESEE ya Marekani. Ukivilaza sambamba vinakaribia kulingana kabisa, milimita 229 hivi kila kimoja kutoka ncha hadi mwisho wa mpini. Garberg ina gramu 170 hivi, ESEE-4 gramu 225 hivi.

Mimi hunisumbua majibu anayopewa. Mengi yanarudiwa tu bila mtu kuyapima, kisha mwenzetu anatoa maelfu ya shilingi kwa sababu ambayo si ya kweli. Kwa hiyo nimeyachukua yale yanayosikika zaidi, nikaanza na lile linaloharibu ununuzi wa watu wengi.

"Kisu kinene ndicho imara, na kilicho imara ndicho bora"

Mgongo wa ESEE-4 una unene wa milimita 4.8, wa Garberg milimita 3.2. Wanaopenda visu vinene husimamia hapo. Na si waongo: kipande bapa cha chuma kikiongezwa unene mara moja na nusu, kukipinda kunakuwa kugumu zaidi ya mara tatu. ESEE-4 haipati faida hiyo yote, kwa kuwa chuma chake hupungua kutoka mgongoni hadi kwenye makali, lakini ni kweli kwamba ndiyo ngumu zaidi kupinda.

Sasa jiulize ni kazi gani kambini inayotaka ugumu huo. Sifa nyingi za visu vinene zimeandikwa na watu wanaomfikiria mtu aliyepotea msituni na kisu kimoja tu kiunoni. Hapa kwetu panga lipo. Liko kwenye buti la gari, au mwenyeji wa kambi analo, na lile la fundi wa jua kali, lililofuliwa kwa springi ya gari kuukuu, hupasua gogo la mkaratusi kwa namna ambayo kisu chochote cha sentimita 11 hakiwezi kuikaribia. Mahali panaporuhusiwa kukata kuni, panga ndilo litakalokata. Kisu hubaki na kazi zake: kuchonga mambo (vigingi) za hema, kukata kamba, kumenya viazi, kukata nyama, kuchonga vijiti viwe na nyuzi nyembamba za kuwashia moto. Kwa kazi hizo zote, unene wa mgongo haukuambii mengi.

Kinachokuambia ni umbo la chuma karibu na makali, na hapa ndipo visu hivi viwili vinapoachana kweli. Garberg imebaki na unene wake wote, milimita 3.2, kutoka mgongoni hadi karibu na makali, halafu inateremka ghafla kwa mteremko mmoja mpana usiofika sentimita moja kwenda juu. ESEE-4 inapungua polepole kutoka mgongoni hadi chini, kisha inamaliziwa na mteremko mwembamba sana pale kwenye ukingo. Matokeo yake huwashangaza watu: ukipima milimita kadhaa juu ya makali, ESEE-4, kile "kisu kinene", ndiyo nyembamba zaidi. Kata nyanya au nyama nayo, inapita bila shida. Kata karoti nene, inaanza vizuri, kisha unene wa mgongo unafika na karoti inapasuka. Garberg huipasua karoti mapema zaidi, mara tu bega la mteremko wake linapoingia.

Lakini chukua kijiti cha mkaratusi uchonge mambo. Laza ule mteremko mpana wa Garberg juu ya mti, uinamishe kidogo mpaka uhisi umeshika, kisha sukuma. Mteremko wenyewe unakuongoza kama randa ya seremala, unatoa ukanda mrefu, na unajua kabla ya kusukuma utachukua kiasi gani. ESEE-4 inaweza kuifanya kazi hiyo, ila mkono ndio unaoshikilia pembe, na asiyezoea huchimba mti mahali asipotaka. Anayechonga sana atafurahia Garberg, na anayepika zaidi kambini ana sababu nzuri ya kuiangalia ESEE-4. Sababu hiyo haina uhusiano na uimara.

"Kisu ambacho chuma hakijafika mwisho wa mpini kitavunjika"

Visu vyote viwili vina msuka kamili, yaani chuma kinachoingia ndani ya mpini kinafika hadi mwisho wake. Kwa hiyo hoja hii haikusaidii kuchagua kati ya hivi viwili. Naitaja kwa sababu inawafukuza watu kutoka kwenye visu vya bei ndogo vilivyo vizuri sana. Morakniv hao hao wana Companion, ambayo msuka wake ni mfupi na ubapa wake una unene wa milimita 2.5, na kwa matumizi ya kawaida ya kambini inamtosha mtu kwa miaka. Sime ya Wamasai nayo ina msuka mwembamba ndani ya mpini, na hakuna aliyewahi kuiita kifaa dhaifu.

Kisu cha kuogopa ni kile chenye mpini mtupu ndani, cha kuwekea viberiti na ndoana, na dira juu ya kifuniko. Pale ubapa unapokutana na mpini ndipo kinapoachia, kwa kawaida wakati umekibonyeza kwa nguvu. Vimejaa madukani, vinavutia macho, na ningemsihi ndugu yangu yeyote asikinunue.

"Chuma cha pua hakishiki kutu, cha kaboni hakifai kwenye mvua"

Garberg ya kawaida imetengenezwa kwa chuma cha pua kinachoitwa 14C28N, chenye kromiamu asilimia 14 hivi. (Ipo pia Garberg ya chuma cha kaboni, kwa hiyo soma boksi kabla ya kulipa.) ESEE-4 inayouzwa zaidi ni ya chuma cha kaboni cha 1095, chenye kaboni karibu asilimia 0.95, na kromiamu ya kuzuia kutu haimo. Kromiamu ndiyo inayofanya utando mwembamba usioonekana juu ya chuma cha pua, na utando huo hujirudisha ukikwaruzwa. Unachelewesha kutu sana. Ila chumvi huuvunja. Ukienda na Garberg Kilifi au Watamu, ukaiacha na maji ya bahari ndani ya ala, vidoa vitakuja. Ioshe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, ikaushe, basi.

Kwa 1095 mambo ni ya haraka zaidi. Irudishe ikiwa mbichi ndani ya ala wakati wa mvua ndefu, na asubuhi unaweza kukuta vidoa vya kahawia. ESEE huipaka ubapa rangi ngumu ya kuukinga, na rangi hiyo inasaidia kweli, lakini ukingo wa makali hauna rangi, hauwezi kuwa nayo, na ukingo ndio unaoukatia. Katakata kachumbari na uache maji ya ndimu na nyanya hapo, utaona ukingo umegeuka kijivu, kisha mweusi. Weusi huo si uharibifu, ni tabaka linalopunguza kasi ya kutu. Wa kuondoa ni ule wekundu unaochafua kidole. Mafuta ya kupikia kidogo kwenye kitambaa, kila ukimaliza kazi, yanatosha.

Kwa hiyo swali la kweli ni hili: wewe ni mtu wa kufuta kisu chako usiku ukiwa umechoka na mvua inanyesha? Kama jibu ni hapana, chukua cha pua na usione haya. Epuka pia kuhifadhi kisu chochote ndani ya ala ya ngozi kwa wiki nyingi. Ngozi hushika unyevu.

"Chuma cha pua hakinoleki"

Hii inatokana na visu vya jikoni vya bei ya chini, vilivyoandikwa tu kwamba ni vya pua bila jina la chuma chenyewe. Chuma cha 14C28N ni cha ukoo wa vyuma vinavyotengenezewa nyembe. Chembe zake ni ndogo, na kinapokea makali makali sana kwa jiwe la kawaida.

Umbo la Garberg nalo linarahisisha mambo kwa anayejifunza. Mwaga maji juu ya jiwe, laza mteremko wote bapa, weka vidole viwili karibu na makali, sukuma mpaka mwisho. Hakuna pembe ya kukisia. Kama huna uhakika, paka mteremko wino wa kalamu nene kwanza, sukuma mara chache, kisha angalia. Wino ukibaki karibu na ukingo, umeinamia mgongoni. Ukibaki juu tu, umeinua kisu mno. Njia hiyo hiyo husaidia hata zaidi kwa ESEE-4, maana mteremko wake ni mwembamba na pembe ni lazima uitafute mwenyewe. Malipo yake ni kwamba unaondoa chuma kidogo, hivyo kazi huisha upesi.

Nawaomba tu msiwape visu hivi wale vijana wanaopita mtaani na baiskeli yenye gurudumu la kunolea. Kisu cha kukatia sukuma wiki, sawa. Lakini gurudumu kavu linalozunguka kwa kasi huchemsha ukingo kwa sekunde chache tu. Ukiona rangi ya buluu imetokea kwenye 1095, pale joto limefika nyuzi 300 hivi, na chuma kimepoteza sehemu ya matiko yake, ule ugumu kiliotiwa kiwandani. Sehemu hiyo itakuwa butu kila mara mpaka iondolewe yote.

"Chuma kigumu zaidi ndicho bora"

ESEE huiacha 1095 yao kwenye ugumu wa 55 hadi 57 kwa kipimo cha Rockwell, makusudi. Ukigonga jiwe kwa bahati mbaya, ukingo hujikunja badala ya kumeguka, na uliojikunja unarudishwa kwa tupa na jiwe. Kisu kigumu zaidi kingekaa na makali muda mrefu, kisha kingemeguka kipande.

"Moto hauwashwi kwa kisu cha pua"

Fimbo ya kuwashia moto inayouzwa kwenye maduka ya kambi hutoa cheche zake yenyewe. Kisu ni cha kuikwangua tu, na kinachohitajika ni pembe kali mgongoni. Mgongo wa Garberg umekatwa mraba kwa kazi hiyo. Wa ESEE-4 umepakwa rangi, na wengi huikwangua rangi sehemu ndogo kabla fimbo haijatoa cheche za maana. Chuma cha kaboni kina faida ya kweli pale tu unapotumia jiwe gumegume la asili, maana hapo cheche hutoka kwenye kisu.

"ESEE ina dhamana ya maisha, kwa hiyo bei yake inajilipa"

Dhamana hiyo ni ya kweli, tena ni ya ukarimu: inakifuata kisu hata kikibadilisha mwenyewe. Lakini kiwanda kiko Marekani na wewe uko Nairobi. Kukirudisha ni gharama ya usafirishaji, na wakati wa kununua kutoka nje ulishalipa ushuru na VAT ya asilimia 16. Kwa kawaida ESEE-4 ni ghali kuliko Garberg hata kabla ya hayo. Usiilipie dhamana ambayo huenda hutaitumia kamwe.

Ndiyo maana mtu wa Nairobi anayeniuliza, mwenye panga tayari na asiyependa kufutafuta kisu, namwelekeza kwenye Garberg ya pua. Anayepika sana, mwenye mkono wa kunoa na tabia ya kupaka mafuta, sitamzuia ESEE-4.

"Ni kifaa cha kambi, kwa hiyo naweza kutembea nacho"

Hapana. Askari wa mlangoni kwenye jumba la maduka hatajali kwamba unatoka Mlima Longonot, na polisi atataka sababu ya kukibeba katikati ya mji. Ukaguzi wa treni ya SGR hautakiruhusu. Kwenye ndege kinawekwa ndani ya mzigo unaopakiwa chini, kamwe si kwenye begi la mkononi. Kama unakwenda mlimani kwa gari, kifunge ndani ya ala, kiweke chini kabisa ya begi pamoja na hema na sufuria, na ukitoe mkishafika kambini.