Si lazima uvunje sakafu ya zamani

Ukitaka kuweka taili nyumbani, Kisauni au Likoni hapa Mombasa, jambo la kwanza utakaloambiwa ni kwamba sakafu kuukuu lazima ing'olewe yote. Si kweli. Simiti nyekundu iliyochakaa juu tu, au hata taili za zamani, zinaweza kubeba mpya.

Cha kuangalia ni kama sakafu ya zamani imeshika. Igonge kwa mpini wa nyundo, pembe hadi pembe. Inapolia kama debe tupu, imeachana na chini. Hapo ndipo pa kuvunja na kuziba, si chumba kizima. Rangi na nta za miaka zikwanguliwe mpaka uso ukwaruze, kwani gundi haishiki utelezi. Na iwe gundi ya taili hasa. Simiti tupu juu ya taili ya zamani hubanduka.

Sakafu itapanda, kwa hiyo milango itahitaji kukatwa chini kidogo.

Pasipofaa ni ghorofa za Mji wa Kale zinazolala juu ya boriti za mikoko. Taili na gundi huongeza kilo 20 hivi kila mita mraba, na boriti hunesa. Huko muite kwanza mhandisi.