Shamba la miti: kwa nini ndege hawalihesabu kuwa msitu

Je, shamba la miti ni msitu? Kiswahili kimelimaliza jambo hili mapema. Katika orodha ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, Sao Hill ya Mufindi inaitwa shamba la miti, na Shume kule Lushoto vilevile. Ni shamba kweli. Miti ya aina moja au mbili hupandwa kwa mistari, hukua kwa umri mmoja, kisha huvunwa kwa pamoja kama mahindi, ila msimu wake ni mrefu: msonobari husubiriwa miaka 25 hivi. Mara nyingi miti yenyewe ni migeni. Msonobari na saiprasi asili yao ni Meksiko na nchi jirani zake. Mkaratusi, ambao wengine huuita blugamu na watu wa Iringa na Njombe huuita mlingoti, umetoka Australia.

Utata unakuja kwenye takwimu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, huhesabu kuwa msitu eneo linalozidi nusu hekta, lenye miti inayoweza kupita mita 5 na matawi yanayofunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi. Kwa kipimo hicho, ukifyeka msitu wa asili ukapanda misonobari, jumla ya misitu ya nchi haijapungua hata hekta moja. Mimi naona hesabu hiyo inaficha hasara kubwa, na ndege ndio mashahidi wa kwanza.

Msitu wa asili una ghorofa. Juu kabisa yako majitu ya miti, chini yake miti ya kimo cha kati, kisha vichaka, halafu zulia la majani yanayooza. Kila ghorofa ina wenyewe. Sasa ingia katika shamba la misonobari iliyokomaa: juu kuna kivuli, chini kuna sindano kavu, na katikati ni vigogo vitupu. Ndege anayedonoa wadudu vichakani hana kichaka. Anayefukua majani kutafuta minyoo anakuta sindano. Mla matunda hana mkuyu wala jamaa zake, kwa sababu koni la msonobari si chakula chake.

Halafu kuna suala la nyumba. Hondohondo hutaga ndani ya shimo la mti mkubwa na mzee. Jike hujifungia humo, mlango ukazibwa kwa udongo na kuachwa ufa mwembamba, na dume humlisha kupitia ufa huo. Hondohondo wakubwa wa milimani hukaa hivyo kwa zaidi ya miezi mitatu. Mti unaokatwa ukiwa na miaka 25 haujawahi kuwa na shimo la namna hiyo, na hautapewa muda wa kuwa nalo.

Mahali pa kuyaona haya yote kwa pamoja ni Milima ya Taita, Kenya. Msitu wake wa asili umebaki vipande vipande: Mbololo, Ngangao, Chawia na vingine vidogo zaidi, na hakuna hata kimoja kinachofika hekta 300. Kati ya vipande hivyo kuna mashamba ya chakula, makazi, na miti ya kupandwa ya misonobari, saiprasi na mikaratusi. Katika vipande hivyo vya msitu wanaishi ndege wawili wasiopatikana kwingine kokote duniani. Mmoja, ambaye jina lake la kisayansi ni Turdus helleri, ana kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa, na hutafuta riziki chini kwenye majani. Mwingine, Apalis fuscigularis, ni mdogo wa kijivu anayewinda wadudu katika vichaka vya ndani, naye yuko hatarini kabisa kutoweka. Ukitazama kutoka mbali kilima chote ni kijani. Kwa ndege hawa kijani kile ni visiwa, na kuvuka kutoka kisiwa hadi kisiwa si jambo rahisi.

Si kwamba shamba la miti halina ndege. Shorwe utamsikia, na chozi hufuata maua ya mkaratusi. Shamba lililopakana na msitu wa asili, lenye vichaka vilivyoachwa vikue chini ya miti, hupata wageni wengi zaidi. Lakini wengi wao ni ndege wanaoweza kuishi hata kwenye uwanja wa shule. Wanaopotea ni wale wasio na pengine pa kwenda. Na mbao tunazihitaji. Swali ni shamba limewekwa wapi. Hata nyika ya milimani si mahali patupu: kule Nyanda za Juu Kusini mbayuwayu buluu huzaliana katika nyasi, na nyasi zikipandwa miti anakosa makao.

Usambara Mashariki kuna kisa kingine cha kutafakari. Musizi, mti wa Uganda na Kagera, ulipelekwa Amani mwanzoni mwa karne ya 20 na baadaye ukapandwa kwenye msitu uliokatwa mbao. Hondohondo wakayapenda matunda yake, wakazibeba mbegu hadi ndani ya msitu wa asili. Leo musizi umeota katikati ya miti ya Usambara ambako hakuna mtu aliyeupanda.