Je, wajua kwa nini bati la Mbeya hulia jua likizama?

Yeyote aliyelala chini ya paa la bati Mbeya, Iringa au Makambako wakati wa kiangazi anaijua sauti hii. Jua limekwisha kuzama, ubaridi umeanza kuingia, na mara paa linapiga "ta!", linanyamaza, kisha "ta, ta!" upande wa pili, kana kwamba kuna mtoto mtundu anayelirushia vijiwe. Paka husingiziwa, popo husingiziwa, na wapo wanaowataja wageni wengine wa usiku ambao makala haya hayatawajadili. Anayelia ni bati lenyewe, na kilio chake ndicho kinachoeleza jinsi jua linavyolichakaza paa.

Nakiri kwamba kwa miaka mingi nilikuwa na jibu lisilo sahihi, tena nililitoa kwa kujiamini. Ndugu zangu wa Dar es Salaam walipolalamika kwamba jua limewaharibia paa, niliwaambia kuwa hayo ni matatizo ya watu wa joto; kwetu Mbeya, ambako mwezi wa Juni mtu huvaa sweta hata saa nne asubuhi, jua ni la kuangazia tu. Hoja ilionekana timamu: joto ndilo linaloharibu, sisi hatuna joto, basi mapaa yetu yako salama.

Hoja hiyo ilikuwa na makosa mawili. La kwanza ni kuchanganya joto la hewa, lile linalotangazwa kwenye utabiri, na joto la bati. Bati lenye rangi iliyokolea, likipigwa na jua la saa saba mchana siku isiyo na wingu wala upepo, laweza kufikia nyuzi joto 60 au zaidi, huku anayelitazama kutoka uani akiwa bado na sweta lake mwilini. Kosa la pili, ambalo lilinichukua muda mrefu zaidi kulikubali, ni kudhani kwamba joto lenyewe ndilo adui. Kwa chuma, nyuzi 60 si kitu. Halijoto hiyo ingekaa palepale mwaka mzima, bati lisingeshtuka. Kinacholichosha ni safari ya kupanda na kushuka, na safari hiyo huwa ndefu sana nyanda za juu.

Jiji la Mbeya liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyo juu yake ni nyembamba kuliko ya pwani, na kuanzia Juni hadi Oktoba anga mara nyingi huwa tupu. Mchana jua hushuka bila kizuizi. Usiku, kwa sababu hiyohiyo, bati hutupa joto lake angani bila kizuizi, hata likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Ndiyo maana alfajiri ya Julai umande hukutwa juu ya bati, na sehemu za juu kama Kitulo hukutwa sakitu, yaani utando mwembamba wa barafu. Pwani, mawingu na unyevu wa hewa hulifunika paa kama blanketi, kwa hiyo halipoi kiasi hicho. Sisemi kwamba bati la pwani hudumu zaidi, kwani chumvi ya bahari huleta kutu kwa kasi ambayo sisi hatuijui. Nasema tu kwamba ubaridi wetu si kinga niliyodhani.

Chuma hurefuka takribani milimita 0.012 kwa kila mita, kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka. Bati la mita 3 likitoka nyuzi 10 alfajiri hadi 60 mchana hurefuka milimita 1.8, karibu unene wa sarafu. Kwa upana hujiokoa, kwa sababu migongo yake hukunjuka na kukunjika kidogo kama mkeka. Kwa urefu halina pa kwenda: limepigiliwa kwenye papi, zile mbao nyembamba zinazolibeba, papi zimeshikwa na kenchi, na kenchi ni mbao zilizo kivulini ambazo hazirefuki kwa kiasi kama hicho.

Hapo ndipo sauti inapozaliwa. Fikiria unasukuma kabati zito kwenye sakafu ya saruji. Unasukuma, halisogei, unaongeza nguvu, halisogei, kisha ghafla linaruka kidogo kwa kishindo na kusimama tena. Bati linalopoa hufanya vivyo hivyo kwenye kila msumari na kila mahali bati moja linapolalia jingine: linang'ang'ania, linaachia, "ta!".

Kila mruko ni mdogo mno, lakini msumari hutikiswa kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Hakuna tikiso moja linaloling'oa; hung'olewa na mamia ya matikiso, na kiangazi kimoja kina siku za kutosha, bila kuhesabu mawingu yapitayo mchana na kulipoza bati kwa dakika chache. Taratibu tundu hupanuka. Mbao nazo husaidia uharibifu. Kila mkulima anajua kwamba jembe lililokaa juani hulegea mpini, na kwamba hulowekwa majini ili likaze. Papi hupitia mambo hayohayo, hasa ikiwa msindano (paini) uliletwa kutoka mashamba ya Mufindi ukapigiliwa ukiwa bado mbichi: ukikauka husinyaa, na mshiko wa msumari hupungua.

Mionzi ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ambayo huongezeka kadiri unavyopanda juu, huukausha mpira ulio chini ya kichwa cha msumari mpaka upasuke. Mionzi hiyohiyo huivunja rangi. Ukipitisha kidole kwenye bati jekundu la zamani, kinatoka na vumbi kama la chaki. Rangi kupauka huudhi macho, lakini mpira uliopasuka ndio unaoingiza maji.

Jua hupita utosini mwa Mbeya mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. La Februari hukuta mawingu ya mvua. La Oktoba hukuta anga tupu na paa lililokwisha kutikiswa kwa miezi kadhaa. Wiki chache baadaye mvua za kwanza huanguka juu ya bati la moto, linasinyaa kwa dakika badala ya saa, na maji yanapata njia. Mwenye nyumba huilaumu mvua, au humlaumu fundi aliyepaua, ingawa tundu lilianza kupanuka Agosti.

Si kila tone, hata hivyo, limetoka nje. Alfajiri ya Julai, katika nyumba isiyo na dari, mvuke wa pumzi za waliolala na wa chungu cha jioni hugusa upande wa chini wa bati baridi, hugeuka maji, na hudondoka. Tone la namna hiyo huja bila mvua, huanguka huku na huku bila kuchagua msumari, na hukoma jua likishalipasha bati.