Mtunza ghala aliyefelishwa na Kiingereza: tunayodhani kuhusu usawa kazini, na yalivyo

Nafasi ilikuwa moja, ya mtunza ghala. Msailiwa wa nne aliingia na bahasha yake ya kaki, akaketi ukingoni mwa kiti, akasubiri. Mwenyekiti wa jopo akamtaka aeleze, kwa Kiingereza, uhodari wake na udhaifu wake. Yule bwana, aliyetunza maghala ya nafaka na saruji kwa miaka 11, akameza mate, akasema maneno kama sita hivi, akanyamaza. Alipotoka tukajadili alama zake. Kwa Kiswahili, maana katika chumba kile hakuna aliyeongea Kiingereza mlango ukishafungwa. Tukampa 38 kati ya 100.

Mimi nilikuwa mmoja wa wale watano mezani. Nafanya kazi ya utumishi katika kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya elfu moja hapa Dar es Salaam, na kila kikao kinachogusa usawa na ujumuishi nasikia kauli zilezile. Nyingine ni za wanaoupinga, nyingine ni za wanaoushabikia kupita kiasi. Karibu zote nimewahi kuzitamka mwenyewe.

"Haya ni mambo ya Wazungu, na Marekani kwenyewe wameyafuta"

Kauli hii imepata nguvu tangu Januari 2025, Rais Donald Trump aliposaini amri za kuondoa programu za usawa na ujumuishi katika serikali kuu ya Marekani. Bosi mmoja alinitumia habari hiyo saa nne usiku, na kikatuni cha kucheka. Lakini amri ya rais haifuti sheria iliyotungwa na bunge: Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, inayokataza ubaguzi kazini, ingalipo kulekule Marekani.

Na ya kwetu hatukuyatoa huko. Mkataba Na. 111 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohusu ubaguzi katika ajira, ni wa 1958, na Tanzania iliuridhia 2002. Miaka miwili baadaye ikaja Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi wa kabila au mahali mtu anakotoka, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, virusi vya Ukimwi, umri na mengine, na kinamhesabu hata aliyeleta tu maombi ya kazi. Kifungu hichohicho kinamtaka kila mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wake wa kukuza fursa sawa. Waulize maafisa utumishi wenzangu mpango wao uko faili gani, utaona wanavyokuna kichwa.

Tena ubishi wenyewe ni wa siku nyingi. Baada ya uhuru swali kubwa lilikuwa nani ashike vyeo vya serikali, na utaratibu ukawa ni kuwatanguliza Waafrika. Januari 1964 Mwalimu Nyerere akaukomesha, akisema raia ni raia, asili yake isiwe kigezo. Siku chache baadaye askari wa kambi ya Colito, hapa Dar es Salaam, wakaasi, wakidai mishahara bora na maafisa Waingereza waondoke. Kwa hiyo anayeniambia kwamba suala la nani apewe kazi gani limeletwa juzi na wafadhili, namshauri aanzie hapo.

"Ukiweka asilimia, unashusha viwango"

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inasema mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea ahakikishe angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Kwa kampuni ya watu 1,000 hao ni 30. Jirani zetu Kenya wanakwenda kwa asilimia 5. Wanaolalamika huruka neno moja lililomo ndani ya sheria yetu, nalo ni kwamba watu hao wawe na sifa za kazi husika. Hakuna aliyeambiwa amkabidhi mashine mtu asiyejua kuiendesha.

Ila swali la viwango nalipenda, kwa sababu likichimbwa linamgeukia anayeliuliza. Viwango gani? Tulitangaza kazi ya karani wa kuingiza takwimu kwenye kompyuta, na tangazo likadai leseni ya udereva. Nikauliza ataendesha nini. Kimya. Ikaja kugundulika kwamba tangazo lilinakiliwa kutoka la afisa mauzo wa mikoani, na mstari ule ukaachwa. Mstari mmoja tu, na tayari umemfungia nje mtu asiyeona vizuri, aliyekatwa mguu, na kijana asiye na hela ya shule ya udereva. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ndiyo maana sheria inataja ubaguzi wa moja kwa moja na ule usio wa moja kwa moja: huo wa pili hauhitaji mtu mwenye roho mbaya, unahitaji fomu tu.

Kiingereza cha kwenye usaili ni habari hiyohiyo. Kama kazi ni kuwaandikia wateja wa nje ya nchi, mpime mtu Kiingereza hadi atoke jasho. Ila mtunza ghala wetu anapokea mzigo kwa Kiswahili, anagombana na madereva kwa Kiswahili, na leja yake ni tarakimu. Tulichompima siku ile ni shule aliyosoma, na shule aliyosoma ni mfuko wa baba yake.

Kinacholinda viwango kwa kweli ni usaili uliopangwa: maswali yaleyale kwa wote, kwa mfuatano uleule, yanayotokana na kazi yenyewe, na kila mjumbe aandike alama zake kabla hajasikia za mwenzake. Tafiti za miongo mingi zimeonyesha kwamba usaili wa namna hii hubashiri utendaji wa mtu kazini vizuri kuliko lile gumzo la "hebu tueleze kidogo kuhusu wewe". Wajumbe hawaupendi, na nawaelewa, maana unawanyima raha ya kusema "huyu nimempenda".

"Sisi hatubagui, tunamchukua yeyote anayeomba"

Na nani anapata habari ya kuomba? Nafasi nyingi za chini katika makampuni makubwa hujazwa kabla tangazo halijabandikwa. Msimamizi anatuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la nyumbani kwao, "kuna mchongo huku, leteni vyeti," na Jumatatu kuna vijana wanne getini wenye lafudhi moja. Mtaani tunaiita undugunaizesheni na kuicheka. Idara yetu moja ilifika mahali ambapo asubuhi salamu zilikuwa za kilugha, na aliyetoka mkoa mwingine akawa mgeni katika kazi anayolipwa kuifanya. Msimamizi aliapa hana ukabila. Nilimwamini, na bado watu wake 17 kati ya 20 walitoka wilaya mbili.

Kenya waliona afadhali kuhesabu. Sheria yao ya Mshikamano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya watumishi kutoka kabila moja. Sisi hatuhesabu makabila, na sidhani tuanze. Lakini kutohesabu kusitufanye tuseme tatizo halipo.

Majina nayo yanasema mengi. Mwaka 2004 wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha utafiti ambao ndani yake walituma wasifu wa kubuni wapatao 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago, wenye sifa zinazolingana, tofauti ikiwa majina. Wasifu wenye majina yanayosikika ya Wazungu ulipigiwa simu kwa asilimia 50 zaidi ya wenye majina yanayosikika ya Wamarekani weusi. Sisi jina la kwanza linataja dini, na la ukoo mara nyingi linataja mkoa. Siku hizi maombi yanapochujwa ofisini kwetu majina yamefunikwa kwa namba. Kazi ya mchana mmoja kwa kijana wa kompyuta.

"Kuwapa wote kitu kilekile ndiyo usawa"

Hapa nawakumbuka akina dada wa kitengo cha kufungasha. Kampuni ilinunua buti za usalama, kila mtu jozi moja, hakuna aliyerukwa. Saizi ndogo kabisa ilikuwa 41. Wanawake wakawa wanavaa soksi mbili na kujaza matambara kwenye vidole, hadi mmoja alipoteleza akiwa amebeba katoni, akateguka kifundo. Ripoti ya ajali iliandikwa "uzembe wa mfanyakazi". Nilikwenda stoo kuuliza. Jibu nililopewa: "Mbona kila mtu amepata?"

Vivyo hivyo muda. Sheria yetu inampa mama anayenyonyesha muda wa kunyonyesha usiozidi jumla ya saa mbili ndani ya siku ya kazi. Msimamizi wa zamu akalalamika kwamba wengine watajiona wameonewa. Nikamuuliza wengine wananyonyesha nani. Tatizo halisi lilikuwa jingine: mama hakuwa na pa kukaa, akawa anakamua maziwa kwenye chumba cha kuhifadhi makaratasi huku ameegemeza mlango kwa mgongo, maana kitasa kilikuwa kibovu.

Na likizo zenyewe zinajenga fikra. Mama anapata siku 84 za uzazi, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba, chini ya sheria ileile ya 2004, angalau siku 3. Kenya baba ana wiki mbili. Meneja akiwatazama msichana na mvulana wa miaka 27 anapiga hesabu hiyo kimoyomoyo, na msichana hataambiwa kamwe kwa nini alikosa.

"Kumwajiri mwenye ulemavu ni gharama"

Wakati mwingine kweli kuna gharama. Jengo la zamani lisilo na lifti si la kurekebishwa kwa kupaka rangi. Ila mengi tuliyoyakuta hayakuwa ya hela nyingi. Tulipofanya zoezi la moto, king'ora kikalia, watu wote wakakimbilia uwanjani, na mwenzetu kiziwi akabaki peke yake akibandika lebo kwa utulivu wake. Fundi umeme alifunga taa nyekundu ya kumweka juu ya mstari ule wa kubandika lebo kwa siku moja. Kilichochukua miezi ni mkuu wa zamu kuacha kutoa maagizo akiwa amewageuzia watu mgongo.

Wa kwanza kujifunza lugha ya ishara hakuwa mtu wa ofisi yangu. Alikuwa mama wa kantini. Alihitaji kujua kama ni wali au ugali, akajifunza.

"Semina moja itawabadilisha watu"

Hii ni dhana yetu sisi tunaoupenda usawa, na wauza semina hawana sababu ya kuikanusha. Frank Dobbin, Alexandra Kalev na Erin Kelly walichunguza kampuni 708 za Marekani kwa takwimu za 1971 hadi 2002. Mafunzo ya kupunguza upendeleo yalikuwa miongoni mwa hatua zilizoleta mabadiliko madogo kabisa katika safu za mameneja. Kilichofanya kazi zaidi ni kumkabidhi mtu au kamati wajibu: fulani ndiye atakayeulizwa. Nimehudhuria semina sita, nina vyeti vyake. Buti za saizi 37 zilinunuliwa pale jina la meneja manunuzi lilipoandikwa kwenye muhtasari wa kikao, na tarehe pembeni yake.

"Mchanganyiko wa watu huongeza faida moja kwa moja"

Nayo hii tuipunguzie sauti. Ripoti za McKinsey, kampuni ya ushauri wa biashara, zilizovuma kwa kuunganisha uongozi wenye mchanganyiko na faida zimehojiwa: 2024 Jeremiah Green na John Hand walijaribu kuyapata matokeo hayo kwa kampuni kubwa za Marekani za fahirisi ya S&P 500, wasiyapate. Tena hata pale viwili hivyo vinapokwenda pamoja, huenda kampuni yenye hela ndiyo inayomudu kuajiri kwa upana. Binafsi nimeacha kuitumia hoja hii mbele ya wakurugenzi. Mama wa kifundo kilichoteguka hakupaswa kuthibitisha kwanza kwamba mguu wake unaleta faida.

"Mfanyakazi hawezi kuthibitisha ubaguzi, kwa hiyo hakuna kesi"

Mameneja wengi hushtuka nikiwasomea sehemu hii ya kifungu kilekile cha 7. Mfanyakazi akishaonyesha kwa ushahidi wa awali kwamba amebaguliwa, mzigo unahamia kwa mwajiri athibitishe kwamba hakubagua, au kwamba alichofanya kinaruhusiwa na sheria. Shauri la namna hii hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Na mwajiri atajitetea kwa nini, kama hakuna karatasi ya alama, hakuna maswali yaliyoandikwa, na kumbukumbu pekee ni kwamba jopo "lilimpenda" fulani?

Hilo ndilo lililonirudisha kwa mtunza ghala, kusema ukweli. Sikusukumwa na huruma peke yake. Aliyeshinda usaili ule alikuwa na Kiingereza kizuri, akaondoka mwezi wa pili, akituachia tofauti ya mifuko 60 kati ya leja na ghala. Safari hii tulipanga usaili mlemle ghalani: hapa kuna hati ya mizigo, kule kuna mzigo, hesabu, kisha tuambie nini hakikai sawa. Nikatafuta namba kwenye ile bahasha ya kaki, nikampigia yule bwana wa miaka 11. Alipokea huku nyuma yake forklifti ikipiga honi. Alishaanza kazi kwa jirani yetu, mtaa uleule. Malori yetu hupita mlangoni kwake kila asubuhi.