Muuzaji wa nyumba anataka nini hasa kwa dalali wake

Mwulize mtu anayeuza nyumba anatarajia nini kwa dalali, atakujibu hata hujamaliza swali: bei nzuri, tena haraka. Sina ugomvi na jibu hilo. Shida yake ni kwamba halinisaidii kujua kwa nini wauzaji wengi huachana na madalali wao kwa hasira. Wale wanaovunja mkataba katikati na kuondoka wakiapa kwamba madalali wote ni walewale, ni wachache wanaolalamikia bei peke yake. Ukiwasikiliza mpaka mwisho utakuta kilio ni kimoja: hawakuambiwa. Hawakuambiwa bei ile ilitoka wapi. Hawakuambiwa watu waliokuja kutazama walisema nini walipotoka nje ya geti. Hawakuambiwa kwamba mnunuzi yule aliyesifia kila chumba alikuwa bado hajakanyaga benki kuulizia mkopo.

Kwa hiyo mimi huanzia hapo. Anachohitaji muuzaji kwa dalali kabla ya kitu kingine ni habari kamili, na ile mbaya iwahi kufika kuliko ile nzuri. Ila hatuwezi kuzungumzia habari bila kwanza kugusa jambo ambalo sisi wenyewe wa kazi hii hatupendi kuligusa mbele ya mteja, nalo ni hesabu ya kamisheni.

Chukua nyumba yenye thamani ya 100, kwa sarafu yoyote uitakayo, na kamisheni ya asilimia 3. Ikiuzwa leo, wewe unabaki na 97, mimi napata 3. Sasa tuseme tukivumilia miezi miwili tutapata 105. Nyongeza hiyo ya 5 inakuletea wewe 4.85. Mimi inaniletea 0.15, na kwa 0.15 hiyo natakiwa nilipie matangazo ya miezi miwili zaidi, nipeleke watu kutazama nyumba kila mwisho wa wiki na kupokea simu mpaka usiku. Huhitaji kuwa mtu mbaya ili useme, “Mzee, ofa hii ni nzuri, tuichukue.”

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2008 wachumi Steven Levitt na Chad Syverson walichapisha utafiti wa mauzo ya nyumba karibu 100,000 katika eneo la Chicago, zikiwamo takriban 3,300 zilizokuwa mali ya madalali wenyewe. Walipolinganisha nyumba zinazofanana, waliona kwamba za madalali ziliuzwa kwa bei iliyozidi kwa karibu asilimia 3.7, na zilikaa sokoni siku tisa na nusu zaidi. Dalali akiuza yake anangoja, akiuza ya mteja anamshauri apokee. Wenzangu wengine huuona utafiti huo kama tusi. Mimi naona unampa muuzaji swali zuri la kumwuliza dalali kila ofa inapoletwa: “Hii nyumba ingekuwa yako, ungeikubali?” Akijibu ndiyo au hapana, mwulize kwa nini. Jibu la pili ndilo lenye faida, maana dalali anayejua kazi atakuwa na sababu zinazogusa nyumba yenyewe, na asiyejua atakwambia tu kwamba soko ni gumu.

Kuna wauzaji wanaodhani wamepata dawa ya tatizo hili. “Mimi nataka kiasi hiki mkononi, cha juu chako.” Inasikika vizuri: dalali akihangaika zaidi, anapata zaidi. Lakini tazama kinachotokea. Kuanzia hapo dalali ananufaika wewe ukitaja kiasi kidogo, kwa hiyo hana sababu ya kukwambia kwamba nyumba yako ina thamani kubwa kuliko unavyofikiri. Mnunuzi anatajiwa bei usiyoijua, na ofa zinaanza kufichwa. Siku mnunuzi na wewe mkikutana uso kwa uso na kila mmoja akataja namba yake, biashara inavunjika kwa aibu. Majimbo mengi ya Marekani yamepiga marufuku mkataba wa namna hiyo. Mimi huukataa hata pale ambapo hakuna anayenikataza.

Bei ya siku ya kwanza

Desturi ya wauzaji wengi ni kuita madalali watatu, kuwasikiliza, kisha kumchagua aliyetaja bei kubwa kuliko wote. Naelewa. Ukitajiwa namba kubwa unajisikia umethaminiwa. Madalali wanalijua hilo, na wapo wanaotaja bei ya kupatia mkataba tu, huku wakijua kwamba baada ya wiki nne au tano watarudi kwako kukuomba ushuke.

Hasara ya mchezo huo haionekani mwanzoni. Nyumba mpya ikiingia sokoni, wanaoiona kwanza ni watu ambao tayari wanatafuta. Wameshatembelea nyumba nyingi, wanajua bei, pesa au mkopo wameshaupanga. Hao ndio wanunuzi walio tayari kuliko wote utakaowapata, na wanakuja kwa mkupuo mmoja katika wiki za mwanzo. Wakiona bei haiendani na nyumba, hawakupigii simu kukushauri. Wanapita. Baada yao unabaki na wanaoingia sokoni mmoja mmoja, na wakikuta bei imeshushwa mara mbili wanajiuliza nyumba hiyo ina ubovu gani. Mara nyingi nyumba iliyoanza juu mno huishia kuuzwa chini ya pale ambapo ingeuzwa kama ingeanza mahali pake.

Kwa hiyo dalali akikutajia bei, mwombe akuonyeshe nyumba alizolinganisha nazo. Ziwe za eneo lilelile, ukubwa unaokaribiana, na ziwe zimeuzwa karibuni. Nasisitiza zimeuzwa. Bei ya nyumba inayotangazwa ni matumaini ya mwenye nyumba, na matumaini hayalinganishwi na kitu. Kisha akueleze ameongeza nini na kupunguza nini: yenu ina chumba zaidi, ile iko mbali na barabara yenye kelele, hii paa lake limechoka. Hapo ndipo mabishano yanapoanza, kwa kawaida juu ya jiko. Mwenye nyumba amelitengeneza upya kwa gharama kubwa na anataka kila senti irudi. Mnunuzi hanunui gharama yako. Analipia anachokiona na anachokipenda, na huenda akawa anapanga kulibomoa jiko hilo hilo.

Mimi nikienda kutazama nyumba kwa mara ya kwanza, humwomba mwenyewe asinitajie bei anayoitaka mpaka niandike yangu. Wengine hunishangaa. Sababu iko katika jaribio ambalo Gregory Northcraft na Margaret Neale walilichapisha mwaka 1987. Huko Tucson, Arizona, waliwapeleka madalali kwenye nyumba moja, wakawapa taarifa zilezile isipokuwa bei ya tangazo, ambayo ilitofautiana. Makadirio ya madalali yakaifuata bei waliyopewa: walioonyeshwa bei ya juu walikadiria juu, walioonyeshwa ya chini walikadiria chini. Na wengi wao hawakukubali kwamba bei hiyo ndiyo iliyowaongoza. Nikishasikia namba yako, macho yangu yataanza kutafuta ushahidi wa kuiunga mkono, nipende nisipende.

Muuzaji naye ana namba yake inayomvuta: kiasi alichonunulia. David Genesove na Christopher Mayer walichunguza soko la nyumba za ghorofa katikati ya Boston miaka ya 1990, bei zilipokuwa zimeanguka. Katika utafiti wao wa mwaka 2001 walionyesha kwamba wamiliki waliokuwa wanakabiliwa na hasara waliweka bei za juu kuliko wenzao, kwa kiasi cha asilimia 25 hadi 35 ya pengo kati ya bei waliyonunulia na bei iliyotarajiwa. Kweli, waliofanikiwa kuuza walipata zaidi kidogo. Lakini nyumba zao zilichelewa kuuzika. Anayeweza kusubiri anaweza kuamua hivyo akijua anachokifanya. Anayehama mwezi ujao hana nafasi hiyo, na ni wajibu wangu kumwambia siku ya kwanza, hata kama atamchukua dalali mwingine anayesema maneno matamu.

“Wamependa”

Sasa nirudi kwenye habari. Neno baya kuliko yote katika kazi yetu ni “wamependa.” Watu wamekuja, wametazama, dalali anapiga simu: wamependa, watatujulisha. Hiyo si taarifa. Muuzaji anatakiwa aambiwe walichosema kama walivyokisema: kwamba ngazi ni nyembamba, kwamba kuna harufu ya unyevu kwenye chumba cha nyuma, kwamba waliuliza mara mbili kuhusu maegesho. Inauma kidogo, lakini unyevu unaweza kushughulikiwa kabla ya mgeni anayefuata.

Hata wiki ambayo hakuna kilichotokea ina taarifa yake, kwa sababu ukimya una aina zake. Tangazo likitazamwa na wengi lakini hakuna anayeomba kuja, kasoro iko kwenye bei au kwenye picha. Wakija wengi lakini hakuna anayetoa ofa, kuna jambo ndani ya nyumba ambalo tangazo halikulisema, au lilisema zaidi ya ukweli. Ofa zikija kadhaa na zote zikaangukia mahali pamoja chini ya bei yako, basi bei umeshaambiwa. Na tangazo lisipotazamwa kabisa, huenda kosa ni langu mimi niliyelitangaza, wala si la nyumba. Dalali anayekuletea hesabu hizo kila wiki anakupa nafasi ya kuamua. Asiyekuletea anaamua kwa niaba yako bila kukuuliza.

(Na tafadhali, watu wakija kutazama, toka nyumbani. Mwenye nyumba akiwapo, wageni hawafungui makabati, hawasemi wasichokipenda, na wanaondoka mapema. Mimi sipati cha kukuletea.)

Ofa zote zinapaswa kukufikia, hata ile inayokuudhi. Na namba kubwa si lazima iwe ndiyo ofa bora. Anayenunua kwa mkopo anategemea benki, na benki hutuma mthamini wake. Mthamini akikadiria chini ya bei mliyokubaliana, mkopo unapungua na mazungumzo yanaanza upya, safari hii ukiwa umeshawakataa wengine. Kwa hiyo muuzaji ana haki ya kutarajia kwamba kabla ya kumletea ofa nimeshauliza: pesa inatoka wapi, kuna barua ya benki, je, mnunuzi lazima auze nyumba yake kwanza, anataka kuhamia lini. Mara kadhaa nimemshauri mteja achukue ofa ya pili kwa ukubwa, kwa sababu mwenye ofa hiyo alikuwa na pesa taslimu na hakuweka masharti.

Uliza pia kama dalali wako anamwakilisha na mnunuzi. Kula kuwili kunaruhusiwa sehemu nyingine na kukatazwa kwingine. Hata panaporuhusiwa, mtu anayejua kiwango chako cha mwisho cha kushuka na kiwango cha mwisho cha mnunuzi kupanda hawezi kuwapigania wote wawili. Lazima ujue, tena kwa maandishi.

Yako mambo ambayo muuzaji hapaswi kuyatarajia kwangu. Mimi si mwanasheria. Hati, mipaka na kodi vina wenyewe. Wala sitakusaidia kupaka rangi juu ya ufa ili usionekane. Tuache uadilifu pembeni kidogo, tuzungumze biashara: ufa uliofichwa hugunduliwa na mkaguzi, na mkaguzi huja mwishoni, wakati umeshafungasha vitu na huna mnunuzi mwingine. Hapo punguzo utakalodaiwa huzidi gharama ya fundi. Na katika nchi nyingi, kuficha kasoro unayoijua kunaweza kukufuata mahakamani hata baada ya funguo kukabidhiwa.

Jambo la mwisho ni mkataba. Kuwapa madalali watano nyumba moja kwa wakati mmoja huonekana ni ujanja, lakini kila mmoja anajua ana nafasi ndogo ya kulipwa, kwa hiyo hakuna anayegharamia picha nzuri, na mnunuzi akiiona nyumba ileile kwa bei tatu tofauti anafuata ya chini. Mpe mmoja, ila kwa muda mfupi. Miezi mitatu inatosha kumwona mtu anavyofanya kazi. Iandikwe atakuletea taarifa mara ngapi, nani analipia matangazo, na unaweza kujitoa kwa notisi ya siku ngapi. Soma kwa makini kipengele kinachohusu wanunuzi alioleta yeye: ni kawaida adai kamisheni kama mmoja wao atanunua baada ya mkataba kwisha, na ni haki yake. Lakini muda wa dai hilo uwe na kikomo, na akupe orodha ya majina yao siku mkataba unapofungwa.